Kurudi chuoni ukubwani kusomea afya Tanzania: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na walimu wa shule ya msingi, makarani, mama wa nyumbani, wahudumu wa afya ngazi ya jamii na wengine waliotoka shule miaka 10, 15 au 20 iliyopita, na sasa wanataka kuwa wauguzi, matabibu au madaktari. Majibu yanahusu Tanzania Bara. Wengi wanaokwama hawakwamishwi na akili iliyozeeka. Hukwama kwa sababu wameanza safari bila kuhesabu kutoka mwisho, au wamelipa ada ya chuo huku cheti chao cha kidato cha nne kikiwa na tundu, yaani somo linalotakiwa ambalo hawakulisoma au walipata F.

Nina miaka 38. Je, sheria inaniruhusu kuanza?

Ndiyo. Miongozo ya udahili, ya Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kwa shahada na ya NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, kwa cheti na stashahada, inapima masomo uliyofaulu. Umri unakuja kukugonga kwenye milango mingine miwili.

Mlango wa kwanza ni mkopo. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HESLB), katika miongozo ya miaka ya karibuni, imekuwa ikitaka mwombaji wa shahada ya kwanza asizidi miaka 35, awe amemaliza kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano iliyopita, na asiwe na kipato cha ajira. Mlango wa pili ni ajira ya serikali. Matangazo ya kazi za serikali yanataka mwombaji asizidi miaka 45, isipokuwa aliyeko kazini serikalini tayari. Hayo maneno ya mwisho, “isipokuwa aliyeko kazini”, yana thamani kubwa kwa mtu mzima, na tutayarudia.

Nipige hesabu gani kabla ya kuamua?

Chukua karatasi uanze na miaka 60, umri wa kustaafu kwa lazima kwa watumishi wengi. Pensheni ya kila mwezi inataka michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Toa 15 kwenye 60, unabaki na 45. Kwa hiyo anayeajiriwa mara ya kwanza akiwa na miaka 45 kamili anafikia pensheni kwenye mstari wenyewe, bila mwezi wa akiba. Kama ulishawahi kuchangia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa sekta binafsi, nenda na kumbukumbu zako mapema uulize namna michango ya mfuko huo na ule wa watumishi wa umma inavyounganishwa. Miezi 40 ya zamani inaweza kubadilisha kabisa hesabu yako.

Sasa rudi nyuma. Tuseme una miaka 36, ulisoma mchepuo wa sanaa na huna Kemia. Mwaka ujao unarisiti, yaani unafanya tena mtihani wa kidato cha nne, Novemba ukiwa na 37. Matokeo yanatoka Januari, unaomba chuo katikati ya mwaka, unaanza masomo mwishoni mwa mwaka ukiwa na 38. Stashahada ni miaka mitatu, kwa hiyo unamaliza na 41. Una takriban miaka minne ya kutafuta ajira ya serikali kabla mlango haujafungwa. Inawezekana, lakini hakuna nafasi ya kupoteza miaka miwili kwa uzembe wa fomu.

Fanya hesabu hiyo hiyo kwa udaktari: 41 ya kumaliza stashahada, jumlisha miaka mitano ya shahada na mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo, unafika 47 au 48. Kama hukuajiriwa serikalini njiani, mlango umeshafungwa na zitabaki hospitali binafsi na za mashirika ya dini. Kama uliajiriwa kama tabibu ukiwa na 42, kisha ukaenda kusoma udaktari kwa ruhusa ya mwajiri, kile kikomo cha 45 hakikuhusu tena. Ndiyo maana kwa mtu aliyevuka 33 hivi tunapendekeza stashahada kwanza, ajira kwanza, udaktari baadaye.

Nianze na nini hasa?

Anza na cheti chako cha kidato cha nne. Kitoe kabatini leo na usome alama za masomo haya matano: Kemia, Biolojia, Fizikia, Hisabati na Kiingereza.

Kwa stashahada ya utabibu na ya uuguzi na ukunga, sifa ya kawaida ni ufaulu wa angalau D nne katika masomo yasiyo ya dini, zikiwemo Kemia, Biolojia na Fizikia. Hisabati na Kiingereza huhesabiwa kama nyongeza nzuri. Kozi za famasia husisitiza Kemia na Biolojia. Maabara, mionzi na nyinginezo zina masharti yake, na hubadilika kidogo mwaka hadi mwaka, kwa hiyo soma kitabu cha mwongozo cha NACTVET cha mwaka unaoomba. Usitumie picha ya ukurasa iliyozunguka WhatsApp tangu mwaka juzi.

D ya kidato cha nne inaanzia alama 30 kati ya 100. Tunalitaja hili kwa sababu wengi hujenga hofu juu ya Fizikia kana kwamba wanatakiwa kupata A. Kinachotakiwa kwanza ni 30, na mtu mzima anayesoma kwa mpango anaifikia.

Sikusoma sayansi, au nilipata F ya Kemia. Nifanyeje?

Unarisiti kama mtahiniwa wa kujitegemea. Baraza la Mitihani (NECTA) hufungua usajili mwanzoni mwa mwaka. Kipindi cha ada ya kawaida kwa desturi huisha mwishoni mwa Februari, kisha huja muda mfupi wenye faini. Mtihani ni Novemba. Anayeamka Aprili amekosa mwaka mzima, na hili ndilo kosa la kwanza kwa wingi.

Nenda kwenye kituo cha watahiniwa wa kujitegemea kilicho karibu nawe, ukiwa na namba yako ya mtihani ya zamani, ile yenye sura ya S0101/0001/2004. Utajisajili kwa njia ya mtandao, utalipa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, kisha utahakiki taarifa zako. Aliyekwisha kufanya mtihani wa kidato cha nne anaweza kusajili masomo anayoyahitaji tu. Ukifaulu utakuwa na namba mbili, ya S (ya shule) na ya P (ya mtahiniwa wa kujitegemea), na kwenye maombi ya chuo utazijaza zote mbili ili alama ziunganishwe. Kuna watu hujaza moja tu kisha wakashangaa mfumo unawaambia hawana sifa.

Kabla ya kulipa, muulize msimamizi wa kituo swali moja: mtihani wa vitendo wa sayansi utafanyikaje, na mazoezi ya maabara nitayapata wapi? Kituo kisicho na jibu la wazi kiache.

Sikufika kidato cha nne kabisa.

Kuna Mtihani wa Maarifa, unaojulikana zaidi kama QT. Ukiufaulu unaruhusiwa kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Hesabu angalau miaka miwili kabla ya kugusa mlango wa chuo. Chagua kituo kinachofundisha sayansi kweli, maana vingi vinafundisha masomo ya sanaa kwa sababu hayahitaji maabara.

Kwa nini mnasisitiza Hisabati na Kiingereza wakati chuo cha stashahada kinanipokea bila hayo?

Kwa sababu ya siku utakayotaka kwenda shahada. Mwenye stashahada ya utabibu anayeomba udaktari hutakiwa kuwa na wastani wa B au GPA ya 3.0, na juu ya hapo awe na angalau D za kidato cha nne katika Hisabati, Kemia, Biolojia, Fizikia na Kiingereza. Wapo matabibu hodari, wenye GPA nzuri na miaka sita kazini, ambao maombi yao hukataliwa kwa F ya Hisabati waliyoipata wakiwa na miaka 17. Inauma kuona hivyo, kwa sababu dawa yake ilikuwepo tangu mwanzo. Ukisajili Kemia na Fizikia mwaka huu, ongeza Hisabati. Kama uko chuoni tayari na una tundu hilo, jisajili Januari na ulizibe Novemba ukiwa mwanafunzi.

Halafu hesabu yenyewe utaihitaji wodini. Mtoto wa kilo 12 anatakiwa paracetamol miligramu 15 kwa kila kilo: hiyo ni miligramu 180. Dawa ya maji iliyopo ina miligramu 120 katika mililita 5, kwa hiyo unampa mililita 7.5. Mgonjwa mwingine ameandikiwa mililita 1,000 za maji ya dripu kwa saa 8, na mpira wa dripu unatoa matone 20 kwa mililita. Matone 20,000 gawanya kwa dakika 480, ni kama matone 42 kwa dakika. Hakuna kitu kigumu hapo, ila lazima mkono wako ukifanye bila kutetemeka saa tisa usiku.

Nina miezi kumi na kazi ya kutwa. Nisomeje?

Saa 10 kwa wiki zinatosha ukizilinda: saa moja na nusu kila jioni kwa siku nne, na saa nne Jumamosi. Kwa wiki 40 ni saa 400, na ukigawanya kwa masomo matatu ni takriban saa 130 kwa kila somo.

Kemia usiianze na kemia ya kaboni. Anza na elementi, vifungo, fomula, kusawazisha milinganyo na moli. Aliyeelewa moli amepata nusu ya somo, na asiyeelewa atakariri mpaka Novemba bila kufika popote. Kwenye Fizikia anza na vipimo, mwendo, nguvu, shinikizo, kisha umeme. Biolojia ina mzigo mkubwa wa istilahi za Kiingereza, basi ianze mapema ili ikae. Hisabati isome kwa kulenga: seti, takwimu, matriki, milinganyo na uhasibu mdogo ni mada ambazo mtu mzima hukusanya alama haraka, hasa anayefanya biashara.

Kuanzia Julai, fanya maswali ya mitihani ya miaka iliyopita kwa saa ya ukutani, ukiandika majibu kamili. Kusoma majibu ya wengine hukupa hisia ya kujua ambayo huyeyuka kwenye chumba cha mtihani. Tenga pia angalau siku nane za maabara: titresheni kwa pipeti na bureti mpaka mikono izoee, utambuzi wa chumvi, vipimo vya chakula kwa ayodini na Benedict, pendulamu na springi. Shule nyingi za kata zenye maabara hukubali kikundi cha watu watano au sita wakichangia kemikali na posho ya mwalimu.

Cheti changu kimepotea, au majina hayafanani.

Haya shughulikia mwaka mmoja kabla ya kuomba. Cheti kikipotea, toa taarifa polisi upate hati ya upotevu, kisha fuata maelekezo ya NECTA ya kuomba mbadala au uthibitisho wa matokeo.

Majina ndiyo huwatesa wengi, hasa kina mama walioolewa na kuanza kutumia jina la mume kwenye kitambulisho cha NIDA wakati cheti cha shule kina jina la baba. Linganisha herufi kwa herufi: cheti cha kuzaliwa cha RITA, cheti cha kidato cha nne, NIDA. “Mohamed” na “Muhammad” ni watu wawili mbele ya mfumo. Tofauti ndogo huweza kutatuliwa kwa hati ya kiapo, lakini kubadili jina rasmi kunahitaji hati iliyosajiliwa. Kanuni ya usalama: vyeti vya shule ni vigumu kubadilika, hivyo rekebisha nyaraka nyingine zifuate cheti cha shule.

Nichague kozi gani?

Angalia unachokiweza kukifanya kila siku kwa miaka 20. Jina la kozi lisikupofushe.

Stashahada ya utabibu inakupa kazi ya kuona wagonjwa, kupima, kutambua ugonjwa na kuandika dawa, mara nyingi kwenye zahanati na vituo vya afya ambako wewe ndiye wa mwisho kuamua mpaka gari la rufaa lifike. Ndiyo njia ya moja kwa moja zaidi kuelekea udaktari. Uuguzi na ukunga unakuweka kando ya kitanda, kwenye chumba cha kujifungulia, na kwenye zamu zisizokoma. Ni kada inayohitajika kila kona, na kwa anayependa watu tunaiona kuwa chaguo zuri kwa mtu mzima, kwa sababu utulivu na uzoefu wa maisha hulipa pale kuliko kasi. Maabara, famasia na mionzi zina zamu chache zaidi za kuchosha mwili. Mwenye mgongo mbovu azifikirie kwa uzito.

Kama hujawahi kushinda wodini, omba kibali cha kujitolea kwa wiki mbili kwenye kituo cha afya kilicho karibu kabla ya kulipa chochote. Damu, harufu na kilio cha wafiwa vitakujibu swali hili vizuri kuliko sisi.

Kuna njia nyingine ya kwenda udaktari bila kupita stashahada?

Kidato cha sita, mchepuo wa PCB. Mwenye angalau C tatu za kidato cha nne anaweza kujisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea, na mtihani hufanyika Mei. Udaktari huhitaji ufaulu wa Fizikia, Kemia na Biolojia wenye jumla isiyopungua pointi 6, na kila chuo huandika kiwango chake kwa kila somo kwenye kitabu cha TCU. Pointi huhesabiwa hivi: A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Kumbuka kwamba D ya kidato cha sita inaanzia alama 50, siyo 30.

Ukweli ni kwamba pointi 6 zinakuruhusu kuomba tu. Vyuo vikuu kama MUHAS, UDOM, KCMC na Bugando hupokea waombaji wengi wenye alama za juu zaidi, na wenye stashahada hushindania nafasi zao. Kusoma PCB peke yako, bila shule na bila maabara ya kudumu, ni kazi nzito kuliko stashahada ya utabibu. Tunaishauri kwa aliye chini ya miaka 28 mwenye alama nzuri za sayansi, au mwalimu wa sayansi ambaye hajaiacha ile elimu.

Na jambo moja kwa wale wanaoshauriwa na wajomba zao: ile njia ya zamani ya tabibu kusoma miaka miwili awe Daktari Msaidizi ilisitishwa. Usiipange.

Nitakijuaje chuo cha kweli?

Tafuta jina lake kwenye orodha ya vyuo vilivyosajiliwa na NACTVET, kisha angalia kama kozi yenyewe, siyo chuo tu, ina ithibati. Chuo kinaweza kuwa halali huku kozi yake mpya ya utabibu haijaidhinishwa, na mwanafunzi ndiye atakayeumia akifika kwenye baraza la taaluma. Uliza hospitali gani wanafunzi wanakwenda kwa mafunzo ya vitendo, umbali wake, na nani analipa nauli.

Maombi ya vyuo vya afya vya serikali hupitia mfumo wa pamoja wa NACTVET. Hakuna dalali mwenye nafasi mfukoni. Anayekuomba pesa ili “akuunganishe” anakuibia.

Baada ya stashahada, anayekwenda shahada huomba AVN, ile namba ya uhakiki inayotolewa na NACTVET. Iombe matokeo yakishathibitishwa, usingoje wiki ya mwisho ya maombi. Chuo kisipopeleka matokeo yako kwa wakati, namba haitoki na mwaka unapita.

Itanigharimu kiasi gani?

Ada ya masomo inayoandikwa kwa herufi kubwa ni sehemu tu. Juu yake kuna mtihani wa wizara, ambao kwenye vyuo vingi huandikwa shilingi 150,000 kwa mwaka, ada ya udhibiti ubora ya NACTVET 15,000 (ya TCU kwa shahada ni 20,000), na bima ya afya ya mwanafunzi ambayo kwa miaka mingi imekuwa 50,400. Kisha sare, koti jeupe, viatu vilivyofunikwa, stetoskopu, mashine ya presha, kitabu cha kumbukumbu za vitendo, nauli na chumba wakati wa fildi, yaani mafunzo ya vitendo nje ya chuo. Fildi ndiyo huvunja bajeti, kwa kuwa inaweza kukupeleka wilaya nyingine kwa wiki kadhaa huku ukiendelea kulipia chumba ulikotoka.

Omba chuo kikupe muundo kamili wa ada wa miaka yote mitatu kwa maandishi, jumlisha, kisha ongeza asilimia 15 ya dharura. Usianze bila ada ya mwaka wa kwanza yote na nusu ya mwaka wa pili mkononi. Vyuo hupokea ada kwa awamu, lakini anayedaiwa huzuiwa kuingia kwenye mtihani, na mtihani uliokosa kwa deni unakula muda wako, kitu usichonacho cha kutosha.

Kwa mkopo, kuanzia mwaka wa masomo 2023/2024 HESLB imepanua mikopo kwa baadhi ya kozi za stashahada, zikiwemo za afya. Soma mwongozo wa mwaka husika uone kama unaangukia humo. Ukipata, ukianza kazi utakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. SACCOS na vikoba vina nafasi yake. Mikopo ya kausha damu iepuke kabisa, kwa sababu riba ya wiki haiendani na kozi ya miaka mitatu isiyo na kipato.

Nimeajiriwa. Niache kazi?

Usiache, na usitoroke. Mtumishi wa umma anatakiwa kuwa na ruhusa ya masomo ya maandishi. Kutoonekana kazini zaidi ya siku tano bila ruhusa ni kosa linaloweza kukufukuzisha, na ukifukuzwa umepoteza ile kinga dhidi ya kikomo cha miaka 45. Hakikisha kwanza umethibitishwa kazini na kwamba jina lako limeingia kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri. Omba mapema, kabla bajeti haijafungwa, ukiambatisha barua ya udahili. Ukipewa ruhusa yenye mshahara, soma mkataba utakaosaini: kwa kawaida unakufunga kurudi kumtumikia mwajiri kwa muda fulani.

Mwalimu anayehamia kada ya afya aulize pia kuhusu kubadilishwa muundo, yaani kuhamishwa rasmi kutoka kada moja kwenda nyingine. Kumaliza masomo hakukuhamishi kada kwenyewe. Panahitajika nafasi, kibali na barua mpya, na ngazi ya mshahara inaweza kuyumba.

Kuna kozi ya jioni au ya mtandaoni?

Kwa anayeanza kutoka sifuri, hapana. Mihadhara mingine inaweza kuwa mtandaoni, lakini kuzalisha, kutundika dripu na kupima mgonjwa hujifunzi kwenye simu. Tangazo la “stashahada ya uuguzi mtandaoni, miezi 12” liache lipite. Walioko kazini kama wauguzi wa ngazi ya cheti wana njia za kujiendeleza, zikiwemo za masafa, na hao waulize mwajiri na baraza lao.

Nitawamudu vijana wa miaka 19 darasani?

Kwenye kukariri anatomia watakuzidi miezi ya mwanzo. Kwenye kuhoji mgonjwa utawaacha mbali. Mama aliyekaa kimya kuhusu kutokwa na damu atakuambia wewe kabla ya kumwambia kijana, na taarifa hiyo ndiyo nusu ya utambuzi.

Tatizo kubwa la wakubwa ni Kiingereza cha kuandika. Unamhoji mgonjwa kwa Kiswahili kisha unatakiwa kuandika historia yake kwa Kiingereza sanifu ndani ya dakika chache. Anza mapema: kila siku andika ukurasa mmoja wa mgonjwa wa kubuni, kwa mpangilio wa malalamiko, historia ya ugonjwa, historia ya nyuma, ya familia, mapitio ya mifumo, vipimo. Baada ya miezi mitatu mkono unakwenda wenyewe.

Sapu, yaani mtihani wa marudio, haimaliziki kwa aibu. Ukiipata, siku hiyo hiyo omba kuona wapi ulipoteza alama, kwa sababu wengi huangukia mtihani wa vitendo na si wa nadharia: wamesahau kujitambulisha, kuomba ridhaa, kunawa mikono. Hizo ni alama za bure. Kinacholeta disko, yaani kuondolewa chuoni, ni sapu mbili zilizofichwa nyumbani na kwa walimu mpaka mwisho wa mwaka. Kaa na kikundi cha watu wanne, changanya rika, na usiwe mtu wa kutumwa vocha wala mlezi wa darasa. Cheo cha “mama” au “mzee” wa darasa ni heshima nzuri inayokula saa za kusoma.

Mwili wangu utahimili?

Baada ya miaka 40 macho ya karibu hupungua. Pima kabla ya kuanza na upate miwani ya kusomea, kwa sababu mistari ya sirinji ya mililita 1 na maandishi ya kichupa cha dawa hayasubiri. Chanja homa ya ini aina ya B: dozi tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza, ya tatu mwezi wa sita. Hivyo anza miezi sita kabla ya kuingia wodini.

Ukichomwa na sindano iliyotumika, osha kwa maji na sabuni, usiminye wala usipake kitu kikali, toa taarifa palepale. Dawa za kinga dhidi ya VVU huanza mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 72, na humezwa siku 28. Wanafunzi wakubwa huficha tukio hili kwa kuona haya mbele ya vijana. Tafadhali usifiche.

Nina watoto.

Andika ratiba ya zamu za usiku na wiki za fildi, kisha mpe mtu mmoja, kwa jina, kila jukumu: nani anawapeleka shule, nani analala nao, nani anapokea simu ya mwalimu. “Tutasaidiana” bila majina huvunjika wiki ya tatu. Ukiwa mjamzito, mwambie mkuu wa taaluma mapema ili kuahirisha masomo kufanyike kwa barua. Kutoweka bila barua huhesabiwa kama kuacha.

Nikasome nje ya nchi, ambako masharti ni rahisi?

Kabla ya kulipa, omba TCU barua ya kutokuwa na pingamizi kwa chuo na kozi hiyo. Ukirudi, tuzo yako itatathminiwa, na baraza la taaluma litakupima kwa masharti yake. Chuo kinachopokea mtu asiye na Kemia kusomea udaktari kinakuuzia miaka mitano ambayo huenda isitambulike nyumbani.

Nikimaliza ndiyo nimeshakuwa mtaalamu?

Bado. Matabibu na madaktari husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na wauguzi na wakunga na baraza lao, ambalo lina mtihani wa leseni. Mwenye shahada ya udaktari hufanya mafunzo ya vitendo ya miezi 12 kabla ya usajili kamili. Leseni huhuishwa, na huambatana na pointi za mafunzo endelevu. Weka vyeti vya kila semina kwenye faili moja.

Fungua akaunti kwenye mfumo wa ajira wa serikali na ule wa TAMISEMI wiki ile ile unayopata usajili, ukiwa na nakala zilizothibitishwa na mwanasheria. Nafasi zikitangazwa hukaa wazi kwa siku chache tu. Wakati unasubiri, jitolee kwenye kituo cha umma kwa barua rasmi yenye tarehe ya kuanza, na uombe hospitali za dini na binafsi bila kungoja serikali. Kwenye barua ya maombi, kazi yako ya zamani iandike: karani anajua kumbukumbu, mwalimu anajua kuelimisha wagonjwa, mfanyabiashara anajua stoo ya dawa inavyoisha. Waganga wafawidhi wanaoendesha kituo na watumishi watano wanawatafuta watu wa namna hiyo.